Betri Kichwani pa Kitanda cha Mama

Nilipoanza kusomea shahada ya uzamivu, kaka yangu aliwatangazia watu wa mtaa wetu hapa Tunduma kwamba mdogo wake anatengeneza betri. Tangu siku hiyo sikupumzika. Nikija likizo naletewa simu zilizovimba, taa za sola zilizokataa kuwaka, mara moja hata redio ya marehemu mume wa mtu, na nikisema mimi sitengenezi, mimi nakokotoa tu, watu wananiangalia kama nawanyima. Ilinikera. Mpaka leo sijawahi kutengeneza betri hata moja.

Kazi yangu yote iko ndani ya kompyuta. Nauchukua ule unga mweusi wa upande chanya wa betri ya lithiamu, unaoitwa kathodi, nauandika kwa namba, atomi kwa atomi, kisha naiuliza kompyuta: nikiondoa lithiamu kiasi hiki, zilizobaki zitakaaje? Unga huo umepangwa kwa matabaka, kama trei za mayai sokoni. Trei ni nikeli, kobalti na oksijeni; mayai ni lithiamu. Ukichaji betri, mayai yanatoka. Ukiitumia, yanarudi. Ukitoa kiasi, trei zinabaki zimesimama. Ukitoa mengi mno, trei zinalaliana na kuteleza pembeni, nikeli inajichomeka mahali pa yai na haibanduki tena, na mwisho oksijeni yenyewe inaachia na kutoka kama hewa. Ndani ya betri yenye joto, hewa hiyo ni moto.

Hayo nilikuwa nayajua. Nilichokuwa natafuta ni mahali penyewe: trei zinaachia wakati gani hasa?

Mwaka ule niliifanyia kazi hiyo nyumbani, mezani kwa mama, kwa sababu mapafu ya mama yalikuwa yamechoka. Alikuwa amefanya biashara ya maharage mpakani maisha yake yote, akiyapeleka Nakonde, upande wa Zambia, na kurudi, na jioni akipika kwa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha. Kisha homa kali ikamlaza, na alipoinuka daktari wa Vwawa akatuambia atahitaji mashine ya oksijeni, usiku na mchana. Mashine tukaipata. Ni kama jokofu dogo, linanguruma, linavuta hewa ya chumbani na kumpelekea mama oksijeni kwa mpira wa puani. Bila mpira huo alikuwa anaweza kukaa kidogo tu, midomo ikaanza kubadilika rangi.

Tatizo lilikuwa umeme. Ukikatika, mashine inazima. Hapo ndipo kaka alipojitokeza, na nataka nimsemee haki yake kabla sijasema mengine. Kaka yangu ni fundi wa umeme wa magari kwenye maegesho ya malori. Hakuna lori lililolala Tunduma asilolijua. Alizunguka wiki nzima, akapata kwa mfanyabiashara wa chuma chakavu wa upande wa pili betri za lithiamu zilizotolewa kwenye gari la umeme lililopata ajali, akaziunga tatu kwa mfululizo ndani ya sanduku la plastiki, akaweka inveta ya kuugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, akapandisha paneli za sola juu ya bati. Sanduku akaliweka kichwani pa kitanda cha mama, karibu na mashine, ili waya uwe mfupi. Siku ya kwanza umeme ulipokatika na mashine ikaendelea kunguruma, kaka alitoka nje akasimama uani amegeuka ukutani. Nilijua analia. Nikajifanya sioni.

Siku ninayoizungumzia ilikuwa ya jua la kwanza baada ya mawingu ya muda mrefu. Kaka alikuwa ametoka asubuhi kwenda Vwawa na mtungi wetu mdogo wa akiba ili ujazwe oksijeni. Nyumbani tulikuwa watatu: mama kitandani, mke wa kaka jikoni, na mimi mezani nikingoja majibu.

Nilikuwa na hasira na majibu yale hata kabla hayajafika. Kwa miezi kadhaa modeli yangu ilikuwa inaniambia kwamba trei hazitelezi, hata nikitoa mayai karibu yote. Wenzangu waliofanya majaribio ya kweli maabara walikuwa wanaziona zikiteleza. Msimamizi wangu aliangalia faili zangu akaniandikia neno moja: "Hukutikisa." Nilikasirika, kisha nikaona aibu. Kwenye kazi yetu, kabla hujaziachia atomi zitafute mahali pa kukaa, unazitikisa kidogo, kila moja upande wake. Usipofanya hivyo, atomi iliyovutwa sawasawa na pande zote inabaki pale pale katikati, imetulia tuli, hata kama pale si mahali pake kabisa. Kompyuta inaona hakuna anayesogea, inaandika kwamba mambo ni shwari. Nikaongeza ukubwa wa kipande cha kathodi ninachokikokotoa, nikatikisa, nikaituma kazi upya kwenye kompyuta kubwa ya chuo. Ikakaa kwenye foleni, na mtu wa Tunduma, mji wa malori, hafundishwi foleni.

Saa sita mchana majibu yakaingia. Nikafungua mchoro. Trei zilikuwa zimeteleza.

Zilikuwa zimelala vibaya, nikeli zimejichomeka kila mahali, na pale juu atomi mbili za oksijeni zilikuwa zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, tayari kuondoka. Niliruka kwenye kiti. Nilimwita wifi aje aone, akaja na mikono yenye unga, akatazama vidoti vya rangi akasema hongera kwa adabu. Kisha nikakokotoa volti ambayo balaa hilo linaanzia. Ikatoka nne na nusu hivi kwa kila betri moja. Nikaiandika kwenye karatasi, nikaipigia mstari, na nikainua macho kupumzika.

Ukutani, juu ya kitanda cha mama, kilikuwepo kile kidude kinachoongoza chaji ya sola. Kilikuwa kinaonyesha volti kumi na tatu nukta tatu.

Sikuwahi kukitilia maanani. Sasa nikagawanya kwa tatu, kwa mazoea tu, ikaja nne nukta nne na kitu. Nikasema moyoni, hapana, kuna kibao cha ulinzi, kile kinachokata chaji lithiamu zikishajaa. Nikatazama tena. Kumi na tatu nukta nne.

Nikampigia kaka.

"Niko barabarani, mtungi ninao," akasema. "Malori yamefunga njia huku, acha kabisa."

"Kaka, kile kibao cha ulinzi kwenye betri ya mama kinakata kwenye ngapi?"

"Kibao gani? Kile nilikitoa juzi."

"Umekitoa?"

"Kilikuwa kinakatakata, mdogo wangu. Betri haijajaa, chenyewe kinakata. Taa ya kijani haiwaki hata siku moja. Betri isipojazwa vizuri inakufa, wewe si ndiye msomi? Sasa hivi nimeiweka inajaa mpaka kumi na nne nukta nne, kama inavyotakiwa."

Kumi na nne nukta nne ndiyo inayotakiwa kwa betri ya maji, ile ya asidi, ya lori. Kila fundi wa mji huu amelelewa na betri hiyo, na betri ya asidi ukiiacha nusu unaiua. Wanaijaza mpaka inachemka, kisha wanaongeza maji. Kaka aliifanyia lithiamu ya mama kila jema analolijua. Kwa siku mbili tangu akitoe kile kibao, mawingu yalikuwa yametukinga. Leo jua lilikuwa limetoka.

"Kaka, inakwenda kuungua," nikasema.

"Acha zako. Mzigo uko fresh kabisa, niliushika mwenyewe jana."

Simu ikakatika, au alikata yeye. Kumi na tatu nukta tano. Nikainama nikaweka kiganja juu ya sanduku. Lilikuwa na joto, na mfuniko wake, uliokuwa bapa siku zote, ulikuwa umenyanyuka katikati.

Niliogopa. Sina namna nyingine ya kulisema. Betri iliyovimba, mashine inayotema oksijeni, shuka, godoro, na kichwa cha mama, vyote mahali ambapo ningeweza kuvigusa bila kunyoosha mkono. Nikachomoa waya za paneli kwenye kile kidude, moja, ya pili. Namba ikasimama. Haikushuka, ila ilisimama.

"Wifi! Njoo tubebe hili sanduku, sasa hivi!"

"Mnahamisha nini?" mama akauliza kutoka kitandani. Sauti yake ilikuwa inatoka kipande kipande. "Mimi bado sijafa."

"Tunafanya usafi, mama."

"Wewe? Usafi?" akasema, akafumba macho.

Mashine yake wakati huo ilikuwa kwenye umeme wa kawaida, kwa hiyo tulikuwa na nafasi. Tulilibeba sanduku na inveta yake, mimi nikienda kinyumenyume, wifi akiomba Mungu kwa sauti. Nyuma ya nyumba palikuwa na lundo la mchanga wa ujenzi uliobaki. Tukaliweka juu ya mchanga, mbali na ukuta. Nikamwambia wifi asogee. Nikanyoosha mgongo nikavuta pumzi, nikasikia kwamba kuna kitu kimenyamaza.

Mngurumo ulikuwa umekoma. Umeme ulikuwa umekatika.

Kisha mashine ikaanza kupiga kelele yake ya hatari, ile milio ya juu isiyonyamaza. Tulikimbia ndani. Mama alikuwa ameketi, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka, macho yameniganda. Nikampigia tena kaka. Bado yuko nyuma ya malori, kabla ya kufika mjini, anajaribu njia ya vumbi. Mtungi ulikuwa naye.

Wifi alimpepea mama kwa kanga. Nilitazama midomo ya mama na nilichokiona sikukipenda.

Kitu cha kumpa pumzi kilikuwa kimoja tu, na nilikuwa nimetoka kukikimbia.

Hapo ndipo ule mchoro wangu uliponirudia kichwani, na safari hii niliusoma kutoka upande wa pili. Mayai yakitoka trei zinalegea. Mayai yakirudi, je? Betri ile ilikuwa na hatari kwa sababu ilikuwa imejaa. Ukiitumia, lithiamu zinarudi kwenye tabaka zake, trei zinainuka, oksijeni inashikwa tena. Ukiiacha pale mchangani bila kuigusa, inabaki imejaa, inakaa na hasira zake. Mashine ya mama ingeweza kuishusha. Kila pumzi ambayo mama angeivuta ingeipunguzia betri hatari kidogo.

Lakini modeli yangu ilikuwa ya fuwele safi, isiyo na ufa, ambayo haikuwahi kuwa ndani ya gari lililogonga. Zile nikeli zilizojichomeka hazirudi. Kama ndani tayari kuna mahali palipotoboka, kuivuta umeme kungeipasha joto zaidi. Nilijua sababu za kwenda na sababu za kutokwenda, na mama yangu alikuwa anageuka rangi mbele yangu.

"Lete ekstensheni," nikamwambia wifi. "Zote mbili."

"Wifi, si umesema inalipuka?"

"Nimesema."

"Sasa kwa nini tunairudia?"

"Kwa sababu ikitumika inapoa. Kubwa ni isiingie ndani. Lete!"

Alileta. Tuliziunganisha, tukapitisha dirishani, nikatoka nje na kuchomeka mwisho wake kwenye inveta. Kidole kilikaa kwenye swichi ya inveta. Nilimwomba Mungu, mimi ambaye wifi ananisema kwa kutokwenda ibada, kisha nikabonyeza.

Ndani mashine ikashtuka, ikanguruma.

Nilibaki nje. Mtu alitakiwa kubaki nje. Nilipiga magoti upande wa pili wa lundo na koleo la mchanga mkononi, na kipimo cha volti cha kaka kimebana nyaya za betri. Kumi na tatu nukta mbili. Kulikuwa na harufu, tamu kidogo, ya dawa, harufu ambayo sijawahi kuisikia na niliitambua hapo hapo kwa sababu nimesoma habari zake. Mfuniko ulitoa mlio, tiki, nikajitupa chini. Hakikutokea kitu. Nikainuka, mchanga umenijaa mdomoni, nikaanza kuitukana betri ile kwa matusi ambayo mama hajawahi kuyasikia kutoka kwangu, na kwa bahati mbaya dirisha lilikuwa wazi.

"Nani anatukanwa?" sauti ya mama ikatoka. Ilikuwa sentensi nzima.

"Betri, mama!"

"Natotela," akasema. Ndivyo Wabemba wanavyoshukuru, na ndivyo alivyokuwa akiwaaga wateja wake wa Nakonde. Nilicheka na machozi yakanitoka kwa wakati mmoja.

Kumi na tatu kamili. Kumi na mbili nukta tisa. Sijawahi kuitazama namba kwa chuki na mapenzi namna ile. Mezani, kompyuta ingenionyesha atomi zikirudi mahali pake kwa rangi ya zambarau na kijani, na ningekunywa chai huku natazama. Pale nyuma ya nyumba nilikuwa na tarakimu tatu, na mkono niliokuwa nausogeza karibu na plastiki kupima joto, nauondoa, nausogeza tena. Upande mmoja wa sanduku ulikuwa wa moto zaidi na plastiki yake ilikuwa imeanza kupinda. Pande nyingine zilikuwa za vuguvugu. Ilipofika kumi na mbili nukta sita nikaketi kitako. Nne nukta mbili kwa kila moja: hapo trei za modeli yangu zilikuwa zimesimama kila nilipojaribu, zimetikiswa au hazikutikiswa.

Kaka aliingia uani akikimbia, mtungi begani. Alipoona sanduku lake limetupwa juu ya mchanga uso ulibadilika.

"Nani kakwambia uguse kitu changu?"

"Mpeleke mama mtungi kwanza. Utanigombeza baadaye."

Alikwenda. Nilizima inveta nilipomsikia wifi akisema mama ameshaunganishwa. Kisha kaka akatoka polepole, akalizunguka sanduku, akainama upande ule uliopinda, akanyoosha mkono. Aliurudisha haraka. Hakunigombeza. Jioni alimpeleka mama Vwawa hospitali kupimwa, akarudi naye salama, mama akilalamika njia nzima kwamba chakula cha hospitali hakina chumvi.

Sanduku liliachwa mchangani siku nyingi, mpaka lilipokuwa limekufa kabisa. Kaka akalifungua kwa mikono yake mwenyewe, hakutaka msaada. Moja kati ya zile tatu ilikuwa imepasuka ubavuni, ngozi yake ya fedha imechanika, na ndani mmejaa weusi. Ilikuwa ile ya mwisho upande wa kushoto, ambao chumbani ulikuwa umegusana na mto wa mama.

Aliigeuzageuza mkononi. Mimi nilikuwa mlangoni. Kuna watu ambao wangetumia nafasi hiyo, na kwa hasira zangu ninavyozijua, nilidhani mimi ni mmoja wao. Nilikuwa na maneno tayari tangu siku ile ya simu.

"Mdogo wangu," akasema bila kugeuka. "Ungeiacha mpaka nirudi. Ingekuwaje?"

Wiki hiyo nilikuwa nimeirudia modeli, kwa volti aliyoiweka yeye na kwa joto la betri iliyovimba. Nilikuwa nimekaa mezani, pembeni ya mama aliyelala, nikaangalia oksijeni zikiachia moja baada ya nyingine mpaka hakuna trei iliyobaki. Nilikuwa nimeziona zote. Picha zake zilikuwa kwenye kompyuta, hatua chache nyuma yangu.

"Sijui," nikasema.

Aligeuka. "Wewe hujui?"

"Betri zile zilikuwa za ajali, kaka. Hakuna anayejua. Huenda isingekuwa kitu."

Alinitazama, akatikisa kichwa taratibu, akaanza kukusanya spana zake. Mabega yake yalishuka kidogo. Nikaingia ndani, nikaifungua kompyuta, na zile picha nikazifuta.